Risasi Inayotosha kwa Mnyama Mkubwa: Maana Yake kwa Mfano wa 6.5 Creedmoor

Wawindaji wanaposema kwamba risasi fulani inatosha kwa mnyama fulani, wanamaanisha kwamba risasi hiyo, ikipigwa mahali panapostahili na kutoka umbali ambao mpigaji anaumudu, itapenya hadi kwenye viungo vya uhai, itavipasua kiasi cha kumfanya mnyama afe upesi, na bado itakuwa na akiba ya kufidia makosa madogo ya mpigaji. Maana hiyo ina sehemu tatu, yaani kupenya, kupasua na akiba, na mabishano mengi hutokana na watu kushika sehemu moja na kuziacha zile mbili. Mfano unaofaa zaidi siku hizi ni 6.5 Creedmoor, risasi inayopendwa mno Marekani kwa kuwinda kulungu wa kawaida, lakini ambayo watu hawajakubaliana kama inafaa kwa wapiti, yule kulungu mkubwa wa Amerika ya Kaskazini ambaye dume lake aliyekomaa huweza kuzidi kilo 300.

Kabla ya kuendelea, neno lenyewe linahitaji kutengenezwa, kwa maana Kiswahili kinaliita risasi kila kitu: madini mazito na laini, kitu kinachoruka kutoka kwenye mtutu, na kile kifurushi kizima chenye ganda, fataki na baruti ambacho mtu hukitia kwenye bunduki. Hapa nitaita risasi kile kifurushi kizima, na kinachoruka nitakiita kichwa cha risasi. Tofauti hiyo si ya kupamba maneno, kwa sababu risasi moja huuzwa ikiwa na vichwa vya namna nyingi, na mara nyingi jibu la swali letu limo ndani ya kichwa kuliko jina lililochongwa kwenye kitako cha ganda.

6.5 Creedmoor ilitolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, nayo ilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha za mbali. Jina lake linatokana na Creedmoor, uwanja wa shabaha wa New York uliofunguliwa mwaka 1873. Kichwa chake kina kipenyo cha milimita 6.7, ni kirefu na chembamba, na kwa hiyo hukata hewa vizuri na kupoteza kasi polepole. Bunduki yake haipigi teke kali. Sifa hizo ndizo zilizowavuta wawindaji, na ni hizo hizo zinazowatia shaka wale waliozoea risasi nzito kama .30-06 Springfield ya mwaka 1906 au .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963, ambao huona kwamba kitu kilichozaliwa kwa ajili ya kutoboa karatasi hakiwezi kuaminiwa mbele ya mnyama mwenye mifupa minene.

Ili kuamua baina yao ni lazima tutazame mnyama anavyokufa. Chukua dume la wapiti aliyesimama ubavu, mita 150 kutoka kwa mwindaji. Kichwa cha risasi kinaingia nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini, kinapita kati ya mbavu, kinachana mapafu yote mawili na kutokea upande wa pili. Mnyama anashtuka, anakimbia mita hamsini au mia, anasimama, shingo inainama, miguu inapepesuka, anaanguka. Mwindaji anayefuata nyayo atakuta majanini damu nyekundu yenye mapovu, na mapovu hayo ni hewa ya mapafu. Muda wote huo damu ilikuwa ikimwagika ndani ya kifua na presha ikishuka, mpaka ubongo ukakosa oksijeni. Lau kichwa hicho hicho kingeingia nusu mita nyuma zaidi, tumboni, damu ingekuwa nyeusi na imechanganyika na majani yaliyotafunwa, na mnyama angeweza kutembea kwa saa nyingi akiwa katika mateso kabla ya kufa mahali ambapo pengine asingeonekana tena. Tofauti ya matokeo hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti yoyote iliyopo kati ya risasi mbili za kuwindia.

Hapo ndipo dhana ya nguvu ya kuangusha, ambayo husikika mno katika mabishano haya, inapoonyesha udhaifu wake. Hesabu yake ni fupi na kila mtu anaweza kuifanya. Kichwa cha 6.5 Creedmoor chenye gramu 9.3 hutoka mtutuni kwa takriban mita 820 kwa sekunde, na ukizidisha uzito kwa kasi unapata msukumo wa takriban 7.6 kwa kipimo cha kilo mara mita kwa sekunde. Ugawe msukumo huo kwa mnyama wa kilo 300, hata ukichukulia kwamba umeingia wote mwilini mwake, na utaona kwamba unaweza kumsogeza kwa kasi ya sentimita mbili na nusu tu kwa sekunde. Kwa .300 Winchester Magnum hesabu hiyo hiyo inakaribia sentimita tatu na nusu. Hakuna bunduki ya kushika mkononi inayomwangusha wapiti kwa kumsukuma, na ingekuwepo, mpigaji mwenyewe angerushwa chali, kwa kuwa bunduki humsukuma yeye kwa msukumo usiopungua ule inaoupeleka mbele. Mnyama anayeanguka palepale kama gunia ameguswa ubongo au uti wa mgongo, au mifupa ya mabega yake imevunjika.

Kipimo cha pili kinachotajwa ni nishati, nacho kina maana zaidi ingawa hupewa heshima kuliko kinavyostahili. Nishati ni nusu ya uzito ikizidishwa kwa kasi iliyopigwa mraba, na kwa kichwa chetu cha gramu 9.3 hesabu hutoa takriban jouli 3,100 kwenye mdomo wa mtutu. Kwa .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7 ni takriban jouli 3,900. Wawindaji wengi wa Marekani hushika kanuni ya mdomo kwamba wapiti anahitaji futi-pauni 1,500, yaani karibu jouli 2,000, na 6.5 Creedmoor hushuka hadi kiwango hicho karibu na mita 350. Lakini kanuni hiyo haikutoka kwenye mwili wa mnyama. Sheria za jimbo la Colorado zinaridhika na futi-pauni 1,000, yaani jouli 1,356, kwa umbali wa yadi 100, mradi kichwa cha kumpigia wapiti au musi, yule kulungu anayemzidi hata wapiti kwa ukubwa, kiwe kinachotanuka na kisipungue gramu 5.5. Sheria za Uswidi, ambako mnyama mkubwa wa mawindo ni musi, zinadai kichwa cha gramu 9 kiwe na jouli 2,700 kwa umbali wa mita 100, lakini kikifika gramu 10 zinaridhika na jouli 2,000. Mimi huona sheria hiyo ya Uswidi ina busara kuliko inavyoonekana: inakubali nishati ipungue uzito unapoongezeka, na kwa kufanya hivyo inakiri kwamba kazi kubwa ni kufika ndani.

Kufika ndani hutegemea jambo ambalo ni rahisi kulielewa ukilinganisha msumari na sarafu. Vitu viwili vikiwa na uzito mmoja na kasi moja, kile ambacho uzito wake umekusanyika nyuma ya ncha ndogo huzama zaidi. Uwezo huo wa kuzama hupimwa kwa kugawa uzito wa kichwa kwa eneo la duara lake. Kichwa cha 6.5 Creedmoor cha gramu 9.3 kina takriban gramu 0.26 nyuma ya kila milimita ya mraba, ilhali kichwa cha .30-06 cha gramu 11.7, kwa kuwa ni kinene zaidi, kina takriban gramu 0.24. Kwa hiyo, vikiwa vya muundo mmoja na vikigonga kwa kasi zinazokaribiana, hakuna sababu ya kutarajia kile chembamba kiishie njiani. Hilo si jambo la nadharia tu. Risasi ya 6.5×55, iliyobuniwa kwa ajili ya majeshi ya Uswidi na Norwei mwaka 1891 na yenye kichwa cha kipenyo hicho hicho, imetumika kuwindia musi katika nchi hizo kwa zaidi ya miaka mia moja, na 6.5 Creedmoor inaikaribia sana kwa kasi na uzito. Anayesema kwamba kipenyo hicho hakiwezi kumuua kulungu mkubwa anapaswa kwanza kueleza nyama yote iliyoingia katika maghala ya wawindaji wa Skandinavia.

Upande wa pili nao una kosa lake, na kosa hilo mara nyingi huvaa jina la W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda pembe za ndovu Karamoja na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye aliua zaidi ya ndovu elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya 7×57, ambayo si kubwa hata kidogo. Watu humtaja kana kwamba amemaliza ubishi. Husahau kwamba Bell alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, kwamba alipasua mafuvu ya ndovu ili ajue ubongo umelala wapi ukitazamwa kutoka kila pembe, na kwamba mkono wake haukuwa mkono wa mtu anayepanda mlimani mara moja kwa mwaka. Akiba ambayo risasi yake haikuwa nayo aliibeba yeye mwenyewe kichwani na mikononi, na anayeazima mfano wake bila kuazima ustadi wake anamtendea mnyama udhalimu.

Sehemu ya kupasua ndiyo inayotegemea kichwa zaidi ya yote. Kichwa cha kuwindia hutengenezwa ili kitanuke kinapogusa maji yaliyomo mwilini, ncha ikafunguka kama uyoga na kuacha tundu pana kuliko kipenyo chake cha mwanzo. Kikitanuka upesi mno, kama vinavyofanya baadhi ya vichwa vyepesi vya kasi kubwa, huvunjikavunjika juu ya bega na kuacha jeraha la kutisha lisilo na kina. Kikigonga polepole mno, hupita bila kufunguka na kuacha tundu jembamba ambalo hutoa damu kidogo. Vichwa vingi vya kutanuka huhitaji kasi ya takriban mita 550 kwa sekunde, na vingine zaidi ya hapo, ili vifanye kazi yake. Kwa wapiti na wanyama wa kimo chake hufaa kichwa ambacho koti lake la shaba limeunganishwa na kiini cha madini ya risasi, au kile cha shaba tupu, kwa kuwa hivyo hutunza sehemu kubwa ya uzito wake baada ya kugonga mfupa. Kichwa cha mashindano, hata kama kinatoboa shabaha kwa usahihi wa kupendeza, hakikutengenezwa kwa kazi hii, na 6.5 Creedmoor ina bahati mbaya ya kuuzwa na vichwa vingi vya aina hiyo.

Inabaki akiba, na hapa nakiri kwamba wenye shaka wana hoja. Mnyama hasimami ubavu kila mara. Akigeuka sana akitazama mbali, kichwa hulazimika kupita kwenye tumbo lililojaa majani mabichi kabla ya kufikia mapafu, na majani hayo hula nguvu vibaya sana. Akikabili mpigaji, kuna mfupa wa bega njiani. Katika hali kama hizo gramu mbili tatu za ziada na upana wa ziada wa jeraha vina thamani, na .300 Winchester Magnum inavyo. Lakini akiba hiyo hulipiwa kwa teke ambalo, katika bunduki za uzito mmoja, hukaribia mara mbili ya lile la 6.5 Creedmoor, na mpigaji aliyezoea kuumizwa bega huanza kufumba macho na kukaza mkono kabla ya mlio. Aliyepoteza sentimita thelathini kwa kushtuka amepoteza zaidi ya alichokinunua. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri kwamba mgeni wa mawindo aanze na bunduki kubwa ili awe salama.

Kuna mpaka ambao haufai kujadiliwa. Nyati, ndovu na simba wanaweza kumgeukia mtu, na kwao kutosha kuna maana nyingine, kwa kuwa risasi lazima imzuie mnyama aliyejeruhiwa na anayekuja mbio akiwa hatua chache mbele. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji huo huweka .375, yaani kipenyo cha inchi 0.375 au karibu milimita 9.5, kuwa kipimo cha chini, na .375 Holland & Holland Magnum ya mwaka 1912 ndiyo iliyokifanya kipimo hicho kizoeleke. 6.5 Creedmoor haina nafasi hapo, hata mikononi mwa fundi.

Kwa wapiti, basi, naona 6.5 Creedmoor inatosha ikiwa imebeba kichwa cha gramu 9 au zaidi kinachotanuka bila kuvunjikavunjika, mnyama amesimama ubavu au amegeuka kidogo tu, na umbali hauzidi mita 300, hata kama darubini na hesabu za kasi zinamshawishi mpigaji kwenda mbali zaidi. Dume hilo hilo likiwa mita 400, limempa mpigaji mgongo na linaelekea msituni, risasi hiyo haitoshi, na kidole hutolewa kwenye kifyatulio.