Elimu kwa Umma: Mbuzi wa Maziwa, Kibali cha Safari na Makosa Yanayotangulia Ukamuaji

Tangu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilipozinduliwa Bariadi mkoani Simiyu mwezi Juni 2025, idara yetu imepokea wananchi wengi wanaoulizia ufugaji wa mbuzi wa maziwa, na pamoja na maswali yao huja malalamiko yanayofanana mno, kiasi kwamba tumeona inafaa kuyajibu hadharani. Mtu amenunua mbuzi wanne kwa kuona picha kwenye simu, ameambiwa ni Saanen halisi, aina ya mbuzi wa maziwa kutoka Ulaya, wamesafirishwa usiku, na kabla ya wiki mbili kwisha wawili wamekufa na waliobaki wanaharisha. Mwingine mbuzi wake wako hai na wamenenepa, lakini mwaka umepita na hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Malalamiko ya soko na ya bei ya vyakula yapo, ila ni machache. Yaliyo mengi yanahusu mambo yaliyotendeka kabla mbuzi hajaingia bandani.

Tuanze na asili ya mbuzi. Wengi huamini kwamba mbuzi mweupe mwenye masikio yaliyosimama ni Saanen. Weupe wa Saanen hujitokeza kwa urahisi hata kwa chotara wa uzao wa kwanza aliyezaliwa na mbuzi wa kienyeji, ilhali uwezo wa kutoa maziwa haurithiwi kwa wepesi huo. Kwa hiyo rangi haithibitishi chochote, na tunaomba wananchi waache kuleta picha ofisini wakitaka tuwathibitishie mbuzi kwa kuitazama. Kinachothibitisha ni daftari la mfugaji anayeuza: mama alizaa lini, watoto wangapi, alikamuliwa lita ngapi kwa siku na kwa miezi mingapi, na baba alikuwa beberu yupi.

Maeneo yenye wafugaji wa namna hiyo yapo. Huko Mgeta, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru wilayani Mvomero, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipeleka mbuzi wa maziwa wa Kinorwei mwaka 1988, na wakulima wa mbogamboga wakawapokea kwa ajili ya maziwa na pia kwa ajili ya samadi, kwa kuwa mashamba ya mteremkoni hayana nafasi ya kulishia ng'ombe. Kukaa na mfugaji aliyezoea mbuzi hawa kwa nusu siku, ukamtazama anavyokamua na anavyokata majani, kuna faida kuliko video nyingi. Chotara aliyetunzwa vizuri hutoa lita 1 hadi 2 kwa siku, na anayezidi hapo ni mbuzi mzuri sana. Anayeanza na majike wawili waliotoka kwenye daftari safi yuko mahali pazuri kuliko anayeanza na kumi wa mnadani.

Mnunuzi anapofika kwa muuzaji, afunue mdomo wa mbuzi na kuhesabu meno makubwa ya mbele ya taya la chini: mawili yaonyesha kwamba amevuka mwaka mmoja, manne kwamba yuko katika miaka miwili hivi, manane kwamba ana miaka minne au zaidi. Avute kope la chini la jicho kwa kidole gumba. Utando wa ndani ukiwa mwekundu ni afya, ukiwa umepauka hadi kukaribia weupe, mbuzi huyo amepungukiwa damu, na mara nyingi ni minyoo. Kisha ashike kiwele baada ya kukamuliwa, ambacho kinapaswa kulegea mkononi bila uvimbe mgumu upande wowote.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui, na wachache wanaolijua hulinyamazia. Katika mbuzi wenye asili ya Ulaya, jeni inayowafanya wazaliwe bila pembe, ikirithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, humfanya mtoto wa kike kuwa hunsa. Huyo ndiye mbuzi anayeonekana jike, mwenye chuchu ndogo ndogo, anayepanda wenzake na kunuka kama beberu, na ukimwinua mkia utaona kijinyama kilichotuna kama punje ya njegere chini ya uke. Hatashika mimba hata apandishwe mara ngapi. Mmoja wa wafugaji waliokuja kwetu alikuwa na watatu wa aina hiyo, amewalisha miezi kumi na minne, na alikuwa amewachoma sindano za vitamini kila mwezi kwa ushauri wa duka la dawa. Kinga ni rahisi: majike wasio na pembe wapandwe na beberu aliyezaliwa na pembe. Aliyechomwa pembe akiwa mdogo ni tofauti na aliyezaliwa bila pembe, kwa hiyo muulizeni muuzaji na mpapase utosi wa mbuzi, ambako kovu la kuchomwa huonekana.

Sasa kibali. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003 na kanuni zake, mbuzi anayehamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine lazima awe na kibali, na kibali hutolewa kule anakotoka, si kule anakokwenda. Utaratibu ni huu: muuzaji humjulisha afisa mifugo wa kata, mbuzi hukaguliwa wakiwa hai na wakiwa wamesimama, wala si kwa maelezo ya simu, taarifa zao huingizwa katika MIMIS, yaani mfumo wa taarifa wa wizara ya mifugo, malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe si mkononi mwa afisa, na kibali kikitoka huonyesha idadi, jinsi, mahali pa kutoka, mahali pa kwenda na muda wa kutumika. Muda ukipita, kibali huombwa upya. Ukinunua mbuzi watano na kibali kimeandikwa wanne, yule wa tano hana kibali, na mizigo ya namna hiyo ndiyo inayoleta mabishano katika vituo vya ukaguzi. Mbuzi wasio na kibali wanaweza kuzuiliwa na kuwekwa karantini kwa gharama ya mwenye mali, na mwenye mali pamoja na msafirishaji wanaweza kushtakiwa, kila mmoja kwa nafasi yake. Maelezo kwamba "ni mbuzi wawili tu wa kufuga nyumbani" hayabadilishi chochote, kwa kuwa virusi vya sotoka ya mbuzi na kondoo havisubiri kundi liwe kubwa.

Ugonjwa huo ulithibitishwa nchini mwaka 2008, na dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo mwaka 2030. Mbuzi hupata homa, macho na pua hutoa ute mzito, midomo hupata vidonda, kisha huja kuharisha na kukohoa. Hauna dawa ya kuua virusi. Una chanjo, ambayo katika kampeni hii hutolewa kwa bei ya ruzuku ya shilingi 300 kwa mbuzi, sambamba na kuvishwa hereni za utambuzi. Kinga huhitaji takribani wiki mbili kujengeka, kwa hiyo kumchanja mbuzi asubuhi na kumpakia jioni ni kujidanganya. Mbuzi wageni wakae peke yao wiki tatu, wawe na ndoo yao ya maji, na mhudumu awahudumie baada ya wenyeji. Aidha, hereni si urembo wala si hesabu ya kodi. Tumelieleza hili katika mikutano ya vijiji mara nyingi, na bado wapo wanaozikata.

Kuhusu banda na lishe tutakuwa wafupi, kwa sababu maafisa ugani wa kata wanalifundisha hilo vizuri. Sakafu iinuliwe na iwe na nafasi za kupitisha kinyesi bila kunasa kwato, sentimita moja na nusu zinatosha. Mbuzi si mla kila kitu. Ni mchaguzi, na hukataa majani yaliyokanyagwa au kukojolewa, ndiyo maana hori huwekwa nje ya banda naye hutoa kichwa tu. Mabingobingo pekee hayatoi maziwa; changanyeni na majani ya miti ya lukina au kaliandra, au matembele, pamoja na pumba, mashudu ya alizeti na jiwe la chumvi. Onyo moja tunalitilia mkazo hasa kwa wakulima wa Njombe, Rungwe na Kilimanjaro: majani ya mparachichi ni sumu kwa mbuzi anayekamuliwa. Kiwele huvimba, maziwa hukatika, na akila mengi hudhurika moyo. Matawi mnayopogoa shambani msiyatupe karibu na banda.

Beberu asiishi pamoja na majike wanaokamuliwa, kwani harufu yake huingia kwenye maziwa. Si lazima kila mfugaji awe na wake. Kikundi cha kijiji kinaweza kutunza mmoja, mradi abadilishwe kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa. Jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, hubeba mimba siku 150, na huachishwa kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa. Tarehe hizo ziandikwe siku hiyohiyo.

Upande wa maziwa, idara inalazimika kusema wazi mambo mawili. Maziwa ya mbuzi ni chakula bora, lakini si dawa ya pumu, ya kisukari wala ya vidonda vya tumbo, na mfanyabiashara anayeyatangaza hivyo anajiweka mashakani. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi badala ya maziwa ya mama, kwa kuwa yana upungufu mkubwa wa vitamini ya folati, na mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe kwa kawaida huathirika na haya pia. Pili, yachemshwe. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa mbuzi humpata binadamu kupitia maziwa mabichi, ukamletea homa za vipindi na maumivu ya viungo ambayo mara nyingi hutibiwa kama malaria. Mbuzi aliyechomwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi wala hayanywewi hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe.

Anayetaka kuuza ajisajili na Bodi ya Maziwa kama mdau, na anayetaka kusindika mtindi apitie SIDO (shirika la viwanda vidogo) na TBS (shirika la viwango) kabla ya kuchapisha lebo. Vituo vya kukusanyia maziwa navyo vitambue kwamba maziwa ya mbuzi huweza kuganda katika kipimo cha alkoholi, kinachotumika kugundua maziwa yaliyochacha, hata yakiwa mapya. Kumrudisha mfugaji kwa sababu hiyo pekee ni kumwonea, na tunaomba yapimwe pia kwa njia nyingine.

Mwisho, wapo wafugaji waliofiwa na mbuzi miezi hii na hawajatoa taarifa kwa sababu walisafirisha bila kibali. Idara haiwezi kuahidi kwamba kosa litafutwa, kwani hilo haliko mikononi mwetu. Tunachoweza kusema ni kwamba sampuli iliyochukuliwa siku ya kifo ina maana, na mzoga uliokwishachinjwa na kugawiwa majirani hauna. Njooni, au pigeni simu kwa afisa mifugo wa kata, mkiwa na tarehe mbuzi walipofika, mahali walikotoka, na idadi ya mbuzi wa jirani waliokunywa nao maji.