Saratani ya titi: siku 5 za mionzi zinaweza kutosha

Mama anayetoka Tunduma kuja Dar es Salaam kupigwa mionzi huja na hesabu mbili kichwani. Ya kwanza ni ugonjwa. Ya pili ni siku: atalala kwa nani, shamba ataliachia nani, nauli ya kurudi itatoka wapi. Hata pale ambapo mionzi yenyewe inalipiwa na bima au serikali, hesabu hiyo ya pili anaibeba mwenyewe. Ndiyo inayowafanya wengine wafunge mizigo katikati ya tiba, na mionzi iliyoachwa njiani humpa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Wakati nasomea kazi hii ya kutibu saratani kwa mionzi, mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa titi alipangiwa mionzi mara 25: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, grei 2 kila siku, jumla grei 50. Grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili. Tulifundishwa kwamba seli zenye afya hujitengeneza kati ya dozi moja na nyingine, na za saratani hazifui dafu. Kwa saratani nyingi ni kweli. Kwa titi, ikaja kuonekana kwamba seli za saratani nazo hunufaika na dozi ndogondogo, karibu sawa na ngozi na nyama zilizo jirani. Tulikuwa tunamhurumia mwizi pamoja na mwenye nyumba.

Watafiti wa Uingereza ndio waliolifuatilia jambo hili kwa uvumilivu. Kwanza walishuka hadi mara 15, grei 40 kwa wiki tatu, na matokeo ya miaka 10 yaliyotoka mwaka 2013 yakaonyesha kwamba wanawake hawakupoteza kitu. Kisha ukaja utafiti wa FAST-Forward: wagonjwa 4,096, hospitali 97, makundi matatu yaliyogawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata hizo grei 40 kwa mara 15. Mengine mawili yalimaliza tiba kwa wiki moja tu, mara 5: moja grei 27, jingine grei 26.

Majibu yalichapishwa mwaka 2020. Ndani ya miaka 5, saratani ilirudi kwenye titi au kifua kilekile kwa asilimia 2.1 ya waliopata grei 40, asilimia 1.7 ya waliopata 27, na asilimia 1.4 ya waliopata 26. Tofauti ni ndogo mno kumtawaza mshindi. Inatosha kujua kwamba wiki moja haikushindwa na wiki tatu.

Kilichonivutia zaidi kiko kwenye madhara. Titi kusinyaa, kuwa gumu au kuvimba kwa kiwango cha kuonekana, kama madaktari walivyopima kwenye mwaka wa 5, kulikuwa asilimia 9.9 kwa grei 40, asilimia 11.9 kwa 26, na asilimia 15.4 kwa 27. Grei moja tu! Ndiyo maana tunachagua 26, na ndiyo maana hatuthubutu kukisia. Dozi kubwa ya siku moja huuma kuliko kiasi kilekile kikigawanywa, hivyo kosa dogo la upimaji nalo huuma zaidi. Mama akilala mezani mikono juu ya kichwa, mafundi wakihangaika na vile vidoti vya wino kifuani kwa dakika nyingi kuliko mionzi yenyewe, asichoke. Hapo ndipo kazi ilipo.

Si kila mtu anafaa. Mwenye matezi ya kwapani au ya shingoni yanayohitaji mionzi, mara nyingi bado hupangiwa mara 15. Lakini kila anayemaliza kwa mara 5 badala ya 15 anaacha nafasi 10 kwenye mashine, na foleni zetu mnazijua.

Kwenye dawa, utafiti wa namna hii, wa kupima kama tiba kidogo inatosha, ni mchache, kwa sababu iliyo wazi: kampuni ikishapata kibali cha dozi kubwa, haina haraka ya kuthibitisha kwamba ndogo inatosha. Mumbai, India, madaktari wa hospitali ya saratani ya Tata Memorial waliongeza nivolumab, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, miligramu 20 tu kila wiki tatu, kwenye tiba ya vidonge ya saratani za kichwa na shingo zilizofikia hatua isiyoponyeka. Dozi iliyozoeleka ni miligramu 240 kila wiki mbili. Waliokuwa hai baada ya mwaka walipanda kutoka asilimia 16.3 hadi 43.4. Hiyo si ruhusa ya kukata vidonge nyumbani. Dozi ndogo ni salama pale tu ilipopimwa.

Kwa wanaomaliza siku 5, jambo moja la kujiandaa nalo. Ngozi haichachamai mezani kwetu. Wekundu na muwasho hufika kileleni wiki mbili au tatu baadaye, ukiwa umesharudi nyumbani, na jirani atakwambia umeunguzwa. Osha kwa maji na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa, vaa pamba isiyobana. Usipake majani wala dawa ya meno. Ngozi ikibabuka au ikitoa maji, piga simu hospitali ulikotibiwa kabla hujapanda basi.