Je, wajua kwa nini milia ya sweta hukonda mgongoni na kunenepa mikononi?

Nilipoanza kufuma kadigani yangu ya kwanza, yaani sweta linalofunguka mbele, kwa uzi unaojibadilisha rangi, nilidhani nimekwepa kazi. Hakuna kukata uzi, hakuna kuficha ncha, rangi zinajileta zenyewe: buluu, kijani, manjano, kahawia, kisha buluu tena. Mgongo ukatoka na milia myembamba ya kupendeza. Vipande viwili vya mbele vikatoka na milia minene mara mbili ya ile. Kufika mikononi, buluu peke yake ilikaribia upana wa kiganja. Nilipoviunganisha vipande vyote, sweta lilionekana kama limeazima mikono ya sweta la mtu mwingine. Nikamlaumu aliyeutia uzi rangi, kumbe namwonea bure.

Uzi haujui chochote kuhusu upana wa mlia. Kinachojulikana ndani ya donge ni urefu tu: buluu mita kadhaa, kijani mita kadhaa. Ukiufuma, urefu huo unageuka kuwa eneo la kitambaa, na eneo hilo ni lile lile popote utakapoliweka. Sawa na unga wa chapati moja: ukiusukuma kwenye kibao chembamba utapata kitu kirefu, ukiusukuma kwenye kibao kipana utapata kitu kifupi, lakini unga haujaongezeka.

Tuchukue hesabu ya mfano. Buluu ina mita 6 kabla ya kugeuka kijani, na kila mshono unakula sentimita 4 za uzi. Mgongo wenye mishono 100 unakula mita 4 kwa mstari mmoja, kwa hiyo buluu inaishia kwenye mstari na nusu. Upande mmoja wa mbele una mishono 50, yaani mita 2 kwa mstari, na buluu inadumu mistari 3. Mkono, pale kwenye kifundo, una mishono 40, na buluu inakaribia mistari 4. Zidisha mistari kwa mishono katika kila kipande, jibu ni lile lile: mishono 150 ya buluu. Mgongo umeitandaza, mkono umeirundika. Na kwa kuwa mkono hupanuka kuelekea begani, milia yake huzidi kukonda kadiri inavyopanda. Hili wengi huliona wakadhani wao ndio walikuwa wanabana uzi mwishoni.

Ili ujue mshono wako unakula kiasi gani, usikisie. Funga alama mbili za uzi wa rangi nyingine kwa umbali wa mita 1, fuma mpaka uipite alama ya pili, hesabu mishono iliyopatikana katikati. Fanya hivyo kwa mshono ule ule na sindano ile ile utakayotumia kwenye sweta, maana mshono mrefu hula uzi zaidi ya mfupi, na sindano nene hula zaidi ya nyembamba.

Hesabu hii inabadilika sura kulingana na namna uzi ulivyotiwa rangi. Ule wa rangi fupifupi mara nyingi huzungushwa kwanza kuwa kitanzi kikubwa, chenye mzingo wa kama mita 1.5 hadi 2, kisha rangi tofauti zinamwagwa kwenye sehemu tofauti za kitanzi hicho. Kwa hiyo kila baada ya mzingo mmoja mpangilio unajirudia. Uzi wa rangi ndefu una njia zake. Kampuni ya Noro ya Japani inajulikana kwa kuzitia rangi nyuzinyuzi zenyewe kabla hazijasokotwa, na ndiyo maana rangi moja huyeyuka taratibu ndani ya nyingine. Kuna pia madonge ambayo nyuzi kadhaa nyembamba zimelazwa pamoja bila kusokotwa. Moja inatolewa na nyingine ya rangi mpya inafungwa kwa fundo dogo, baadaye ya pili, mpaka zote zimebadilika. Ukiyaona mafundo hayo madogo usiyakate, ndiyo kiwanda chenyewe kilivyokusudia.

Uzi wa rangi fupi una kituko chake, na mimi hukiona kitamu kuliko milia yote. Rangi ya nusu mita inatosha mishono kama 12 tu, kwa hiyo mlia kamili haupatikani, unapata madoadoa. Sasa tuseme mpangilio mzima ni mita 2, na upande wa mbele wa sweta unakula mita 2 hizo hizo kwa mstari. Hapo kila mstari unaanza na rangi ile ile. Kwa sababu unafuma kwenda na kurudi, mistari ya kwenda itafanana yote, na ya kurudi itafanana yote, na rangi zitaanza kurundikana mahali pamoja kama madimbwi baada ya mvua. Wapo wanaoyachukia madimbwi hayo, na wapo wanaoyatafuta. Wanaoyatafuta hufanya ujanja mdogo sana: wanaongeza au kupunguza mshono mmoja. Mistari ya kwenda inasogea kidogo kidogo upande mmoja, ya kurudi inasogea upande wa pili, na rangi zinapishana kama herufi X, mpaka kitambaa kizima kinaonekana kimepangwa kwa almasi. Mtu akikiona atasema umefuma kwa nyuzi nne. Ukifuma kwa kuzunguka bila kugeuka, msogeo unakuwa wa upande mmoja tu, na rangi zinajipinda mshazari kama ngazi ya mnara.

Shida ni kwamba kadigani si skafu. Almasi zilizokubali kwenye mishono 50 zitavurugika mara tu utakapopunguza mishono kwa ajili ya kwapa au shingo. Ndiyo maana uzuri huo huonekana zaidi kwenye skafu na mablanketi, vitu vyenye upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa uzi wa rangi ndefu, umbo linaloniridhisha kuliko yote ni kadigani ya pembe sita. Unafuma vipande viwili vya pembe sita kutoka katikati kwenda nje. Kila kimoja kinakunjwa kikawa kama herufi L, upande mmoja wake ni mkono, upande wa pili ni nusu ya mwili. Kipande hicho hakikubali kulala bapa mezani, kinafanya mawimbi, na ndivyo kinavyotakiwa. Milia yake haiwezi kulingana kwa sababu kila mzunguko ni mrefu kuliko uliotangulia. Rangi ya kwanza ikifika mzunguko wa 4, ya pili, yenye urefu ule ule, itakwisha kabla ya mzunguko wa 6, ya tatu kwenye wa 7, ya nne kwenye wa 8. Baada ya hapo milia inakonda polepole sana, jicho halihesabu. Na lile bonge nene la katikati? Sweta likikunjwa linaangukia kwapani, mahali pasipotazamwa na mtu. Mkono na mwili vimetoka kwenye mizunguko ile ile, kwa hiyo milia yao ni ndugu.

Kilichobaki ni kuvifanya vipande viwili viwe mapacha. Anza cha pili kwenye rangi ile ile ulipoanzia cha kwanza, hata kama itakubidi utupe mita kadhaa za uzi. Tena angalia unavuta uzi kutoka wapi: donge linalovutwa kutoka ndani hutoa rangi kwa mpangilio uliogeuzwa wa lile linalovutwa kutoka nje. Bega la kushoto likienda kutoka buluu hadi kahawia na la kulia kutoka kahawia hadi buluu, hakuna kifungo kitakachowapatanisha.

Kwa kadigani ya vipande vya kawaida, wengi hushauri madonge mawili kwa zamu, mistari miwili ya hili, mistari miwili ya lile. Inasaidia, hasa kuvunja madimbwi, ila inaua ule mteremko wa rangi uliokufanya ununue uzi huo. Mimi napendelea kuufuma mkono kwa urefu wake, kila mstari ukitoka kifundo hadi bega, badala ya kuuzunguka. Mstari wa mkono unakuwa na mishono 70 hivi badala ya 40, na mwili nao ukifumwa kwa ubavu, mstari ukipanda kutoka chini hadi bega, una mishono 90 hivi. Tofauti inapungua, na milia inasimama wima mwili mzima.

Mikono ya ile kadigani yangu ya kwanza niliifumua, nikairudia hivyo, na mgongo na mbele nikavirudia kwa ubavu. Katikati ya mkono wa kushoto nilikuta fundo la kiwandani, uzi ulikatika wakauunganisha bila kujali rangi, na buluu ikarukia kahawia moja kwa moja. Nilikuwa nimeshapita mistari mitatu nilipoliona. Nikaliacha.