Maji hayazimi pilipili

Kwenye bufee ya chakula cha mchana cha Kihindi, hakosekani mtu aliyejipakulia vindaloo, mchuzi wa Kihindi wenye pilipili kali, kwa ushujaa, sasa jasho linamtoka na mkono umeshafika kwenye glasi ya maji ya barafu. Imani kwamba maji huzima ukali wa pilipili ni ya siku nyingi, ila si sahihi.

Ukali huo hutokana na kapsaisini, kemikali inayoyeyuka vizuri kwenye mafuta lakini si kwenye maji. Hushika vipokezi vya neva vilevile vinavyohisi joto, ndiyo maana ubongo hudhani ulimi unaungua ilhali hakuna kilichoungua. (David Julius, mwanasayansi wa Marekani aliyekitambua kipokezi hicho, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021.) Maji baridi hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha moto unarudi.

Nafuu iko palepale mezani: raita, yaani mtindi uliotiwa matango, au lassi, kinywaji cha mtindi. Kaseini, protini ya maziwa, huinasa kapsaisini na kuibandua ulimini. Wali na naani husaidia kidogo. Mimi huchota raita kwanza, kabla hata ya kufunua sufuria za mchuzi.