Simu ikilowa, achana na mchele

"Fundi, nimeiweka kwenye mchele siku tatu, mbona haiwaki?" Swali hili linafika mezani kwangu kwa maneno yaleyale, aulize mwanafunzi, mama lishe au bosi wa ofisi. Jibu langu nalo halibadiliki: mara nyingi haiwaki kwa sababu ilikaa kwenye mchele siku tatu.

Watu wanadhani kinachoua simu ni maji, kwa hiyo yakikauka shida imekwisha. Sivyo. Maji safi kabisa yanapitisha umeme kidogo mno. Kinachoharibu ni vitu vilivyomo ndani ya maji, yaani chumvi, madini, sabuni ya beseni la nguo na sukari ya soda, vikishakutana na umeme wa betri. Hapo umeme unapita pasipotakiwa, na shaba na risasi ya kulehemu juu ya bodi (ule ubao wa saketi ulio ndani ya simu) vinaanza kulika. Maji yakikauka, chumvi inabaki palepale, na kwa hewa yetu hii ya pwani inapata unyevu tena na kuendelea na kazi. Ndiyo maana simu "inapona", inatumika vizuri wiki mbili, halafu asubuhi moja inakataa chaji au kamera inakuwa giza.

Usifikiri pia kwamba ukishaizima, imelala. Zamani tulikuwa tunafungua mfuniko wa nyuma na kuchomoa betri, mchezo unaishia hapo. Simu nyingi za sasa betri imegundishwa ndani, na hata zikizimwa kuna njia kwenye bodi zinazobaki na umeme muda wote. Siku tatu za kwenye ndoo ya mchele ni siku tatu za kutu kufanya kazi bila kusumbuliwa.

Mchele wenyewe haufanyi lolote la maana. Punje kavu inafyonza unyevu kidogo sana wa hewa iliyo jirani yake, wala haiwezi kuyafikia maji yaliyojificha chini ya vile vifuniko vya bati vinavyofunika chipu. Simu ukiiacha mezani penye upepo inakauka vilevile. Na mchele unaleta hasara yake: vumbi la wanga linaingia kwenye spika, na punje zinakwama kwenye tundu la chaji. Nimeshazichomoa kwa kibano zikiwa zimevimba na kujishindilia katikati ya pini. Januari 2024 Apple waliandika kwenye maelekezo yao kwa wateja kwamba iPhone iliyolowa isiwekwe kwenye mchele, kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu.

"Lakini ya dada yangu ilipona!" Ilipona kwa sababu maji hayakufika kwenye bodi. Ingepona hata juu ya kabati. Zilizokufa ndani ya mchele hakuna anayezisimulia.

Ukitaka kuona ninachokiona mimi, chomoa kitako cha laini na umulike ndani. Simu nyingi zina kibandiko kidogo cheupe humo, ambacho kikiguswa na maji kinakuwa chekundu. Nikifungua na kunyanyua kifuniko cha bati, naona unga wa kijani umezunguka konekta ya betri, na chini ya hadubini pini mbili zimeshaliwa kabisa. Simu hiyohiyo ingeletwa siku ileile, ningechomoa betri, nikasafisha bodi kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 99 na brashi laini, nikaikausha, na mara nyingi ingewaka. (Fundi akikusafishia bodi kwa tina ya rangi, chukua simu yako uondoke.)

Kinachoniumiza zaidi ni picha. Mtu anasema simu haina shida, atanunua nyingine, anachotaka ni picha za marehemu baba yake. Kwenye simu za sasa picha zimefungwa kwa ufunguo uliomo kwenye prosesa, ile chipu kuu ya simu, kwa hiyo siwezi kubandua chipu ya kumbukumbu nikaisome kwingine. Bodi yenyewe lazima ifufuke. Kutu ikishakula prosesa, nabaki kumpa mtu pole.

Basi fanya hivi. Zima simu papo hapo. Usiichaji, na usijaribu kuiwasha "kuangalia tu". Toa kava, laini na kadi ya memori, futa, isimamishe tundu la chaji likiangalia chini, kisha ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Ikiwa imedumbukia baharini, izime halafu isuuze haraka kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na nasema hivi nikijua utashtuka. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo ni mbaya kuliko maji utakayoongeza. Maji ya kisima cha chumvi hayafai kwa kazi hii.

Draya ya saluni nayo iache. Inasukuma maji ndani zaidi, na joto lake linalegeza gundi ya kioo.

Kuna wanaojiamini kwa sababu simu imeandikwa IP68, yaani alama ya kuzuia vumbi na maji. Kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Gundi inayozuia maji inachoka, na ikishafunguliwa kubadilishwa kioo usiitegemee tena.

Kuhusu betri nitasema machache. Kuchaji simu mpya kwa muda wa saa nane kabla ya kuitumia, au kusubiri iishe hadi sifuri, ni mambo ya betri za zamani za nikeli. Betri za lithiamu-ioni, hizi za simu za sasa, zilianza kuuzwa mwaka 1991, na zenyewe hazipendi kuishiwa kabisa. Kuchaji usiku kucha hakujazi kupita kiasi, maana simu inakata yenyewe. Tatizo ni joto, hasa ukiilaza chini ya mto. Kufungafunga apu kila dakika hakuokoi chaji, kwa sababu kuifungua upya kunakula zaidi.

Ila hili la kutoboa betri iliyovimba kwa sindano "itoe hewa" naomba liishe leo. Ile si hewa, ni gesi ya betri iliyoharibika, na sindano ikigusanisha tabaka za ndani unawasha moto mkononi mwako. Mgongo wa simu ukianza kunyanyuka, izime, usiibonyeze irudi, usiichaji tena, iweke mbali na godoro na mapazia, na uilete ibadilishwe betri.