Kupiga picha watu ugenini: maneno ninayochoka kuyasikia

Juzi, kwenye kikao cha maandalizi ya msafara wa Dubai, mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo alinyoosha mkono kabla hata sijawasha projekta. "Mwalimu, hilo la picha usitupotezee muda. Barabarani ni mahali pa umma. Ukipita, umepigwa." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nimeongoza misafara kwa miaka tisa na sentensi hiyo naijua kama wimbo wa taifa. Nimechoka kuijibu kwa mdomo, basi leo naiandikia.

Najua inakotoka. Vijana wetu wanatazama video za wapiga picha wa New York wanaoibuka mbele ya mpita njia, wanafyatua flashi na kwenda zao. Huko inawezekana. Mwaka 2006 mahakama ya New York ilitupilia mbali kesi ya mzee aliyepigwa picha bila kujua pale Times Square, ikauzwa kama kazi ya sanaa. Lakini sheria ya Marekani haipandi ndege na wewe. Hata kuvuka mpaka wa Kanada haivuki vizuri: mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimpa haki msichana aliyepigwa picha Montreal akiwa na miaka 17, amekaa zake kwenye ngazi za jengo, picha ikatoka kwenye gazeti la sanaa. Barabarani kabisa, mchana kweupe. Alilipwa dola 2,000. Gazeti lenyewe liliuza nakala 722 tu, kwa hiyo usiniambie kwamba wafuasi wako ni wachache.

Ujerumani suala hili ni la zamani zaidi. Mwaka 1898 wapiga picha wawili walipenya usiku hadi chumba ilimolazwa maiti ya Bismarck, kansela wa zamani wa nchi hiyo, wakaipiga picha. Fedheha ile ilichangia sheria ya 1907, ambayo bado inafanya kazi: kusambaza picha ya mtu kunahitaji idhini yake, isipokuwa kama yeye ni sehemu tu ya mandhari, yuko kwenye mkutano wa hadhara, au mambo machache ya namna hiyo. Mtu mdogo mbele ya kanisa kubwa, sawa. Uso wake umejaa skrini nzima, hapo kanisa halikusaidii.

Na Dubai, ambako ndiko tunakokwenda? Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Januari 2022, inataja picha za watu zilizopigwa "mahali pa umma au pa faragha". Ukipiga bila idhini kwa nia ya kuingilia faragha ya mtu, ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini ya dirham 150,000 hadi 500,000, au vyote viwili. Umma umetajwa kwa jina lake. Nikisoma kifungu hiki kikaoni, ukumbi hunyamaza.

Niliwahi kukiona kikikaribia kumgusa mtu wangu. Tulikuwa kwenye abra, ile mashua ya dirham moja inayovuka hori kutoka Deira. Kaka mmoja wa msafara aliinua simu "kupiga ndege wa majini". Benchi la mbele yake alikaa bibi wa abaya na binti zake wawili. Mume wa bibi huyo hakusema neno mpaka tukashuka. Ndipo akaomba, kwa adabu, kuiona simu. Kaka akafuta picha haraka haraka. Yule bwana akagusa mwenyewe albamu ya zilizofutwa: picha imo. Akaifuta tena, kisha akafungua WhatsApp. Picha ilikwishafika kwenye grupu la ukoo, tayari na emoji tatu za kucheka. Nilisimama juani dakika arobaini nikiomba radhi kwa Kiarabu changu cha Madrasa. Namshukuru Mungu hakuita polisi. Kwa hiyo ukiniambia "nikifuta yameisha", nitakutazama tu.

Dawa yangu ni chai. Wanaonijua wananicheka kwa hilo, wacheke. Nunua karak kwenye kibanda, kunywa ukiwa umesimama pale pale, sema na muuzaji, ndipo uulize kama unaweza kumpiga picha. Picha nzuri nilizonazo karibu zote zina glasi ya chai nyuma yake. Akikataa, umekunywa chai.

"Nampiga kwa mbali na lenzi ndefu, simsumbui." Huko ni kuvizia. Japani simu nyingi zinazouzwa nchini humo hutoa mlio wa kamera usiozimika, kwa sababu watu walichoka na wapigaji wa kimyakimya. Na vichochoro vya Gion, Kyoto, vina mabango ya faini ya yen 10,000 kwa anayepiga picha kwenye njia za binafsi.

"Amenitabasamia, maana yake ruhusa." Wakati mwingine ni aibu tu. Uliza.

"Watoto hawana neno." Watoto ndio wenye neno kuliko wote. Mzazi kwanza, na kama mzazi haonekani, kamera mfukoni.

"Mbona wao wanatupiga sisi?" Hili sina haraka nalo, maana lina uchungu wa kweli. Nimekulia Mji Mkongwe. Marehemu babu yangu alipigwa picha barazani mara zisizohesabika na hakuombwa hata mara moja. Alikuwa anageuza uso ukutani. Lakini ukilipiza kwa muuza samaki wa Istanbul, yeye alimkosea nini babu yangu? Isitoshe, hata kwetu siku hizi si shamba la bibi: mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na Tanzania ina sheria ya taarifa binafsi tangu 2022.

Mama wa Kariakoo alisikiliza yote hayo akiwa amekunja mikono. Mwisho akauliza, "Na nikimpiga mgongo?"

Nikamwambia mgongo hauna matata sana, mradi asigeuke.

"Akigeuka?"

"Msalimie."