Bomba langu, kijiko chetu: yanayosemwa kuhusu VVU na kujidunga

"Unga ndio unaoleta ukimwi." Unga, yaani heroini, wenyewe hauna virusi. Anayevuta kete (kipakiti cha unga) kwa moshi anajiumiza kwa njia nyingine, ila VVU havimpati humo. Vinapita kwenye damu inayobaki katika vifaa vya kudungia. Ndiyo maana heroini nyeupe, inayoyeyuka kirahisi kwenye maji, ilipozagaa Dar es Salaam na sindano zikaingia vijiweni, maambukizi yalifuata. Kenya nako, mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanaojidunga walikadiriwa kuwa na maambukizi ya asilimia 18 hivi, wakati watu wazima kwa jumla walikuwa karibu asilimia 6.

"Nina bomba langu, sichangii na mtu." Bomba ni sindano ya kujidungia, na hapa ndipo hata waangalifu wanaponasa. Watu watatu wamechanga hela, wamepata kete moja. Inayeyushwa kwenye kijiko kimoja, inachujwa kwa kipande kimoja cha pamba, kila mtu anavuta fungu lake. Kama bomba la wa kwanza lilitumika jana, damu iliyoganda kwenye shingo ya sindano inaingia kijikoni, na wenzake wanaivuta kwa mabomba mapya kabisa ya duka la dawa. Au mmoja anavuta dawa yote ili mafungu yalingane, kisha anawamiminia wenzake kwa nyuma ya mabomba yao. Hakuna aliyechomwa na sindano ya mwingine, na damu imeshachangiwa. Kikopo cha maji ya kusuuzia ni vilevile.

"Nimesuuza, nikapitisha kwenye moto." Kiberiti kinachoma ncha; damu iko ndani. Maabara zimekuta virusi hai kwenye mabomba baada ya wiki kadhaa, hasa pasipo joto kali. Jiki ni afadhali kuliko maji matupu kwa aliyekosa kabisa, lakini haifikii bomba jipya.

"Damu ya mwenzako inakata arosto." Arosto ni mateso ya mwili ukikosa unga. Mwaka 2005 watafiti waliripoti jambo hili kutoka Dar es Salaam, hasa kwa wanawake waliofanya biashara ya ngono. Aliyetoka kujidunga anavuta damu yake, kama mililita 4, na kumpa mwenzake asiye na hela ajidunge. Ilikuwa huruma, tusiwasingizie ukatili. Ila heroini ikishaingia mshipani inasambaa upesi kwenye lita kama 5 za damu, na kinachobaki ndani ya bomba hakitoshi kumtuliza mtu. Virusi vinatosha kabisa.

"Kuwagawia sindano ni kuwachochea." Waulizwe watu wa Edinburgh, Uskoti. Miaka ya 1980 polisi walinyang'anya mabomba na maduka ya dawa yakaacha kuyauza. Kwenye kliniki moja, nusu ya wanaojidunga waliopimwa walikutwa na virusi, huku Glasgow jirani kiwango kikiwa chini sana. Watu hawakuacha heroini kwa kukosa bomba, walipokezana lililokuwepo. Askari anayemkamata mtu kwa bomba tupu mfukoni anamfundisha kutotembea na lake.

"Methadoni ni unga wa serikali." Methadoni ni dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini; Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011. Inanywewa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, na dozi ikikaa sawa mtu hapati stimu wala arosto hadi kesho yake. Heroini inaisha nguvu baada ya saa chache tu, kwa hiyo mtu anajidunga mara tatu au nne kwa siku, na kila mara ni nafasi ya kuambukizwa. Kuna hili pia: rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU hupunguza methadoni mwilini. Mteja akirudi analalamika arosto huambiwa ni janja yake ya kuongezewa, kumbe dozi kweli haimtoshi tena.

"Anatumia ARV vizuri, bomba lake halina neno." Kwenye ngono, aliyefubaza virusi hadi visionekane kwenye kipimo haambukizi. Kwa bomba hilo halijathibitishwa, na ARV hazizuii homa ya ini C. Aliyechangia bomba jana usiku awahi kituo cha afya leo, wala asivuke saa 72, apewe PEP, dawa ya kuzuia VVU visishike mwilini: vidonge vya siku 28.